Mgonjwa Mmoja, Mafaili Mawili

Wanangu mnaovaa makoti meupe, na ninyi wenzao mnaoning'iniza vitambulisho shingoni, kaeni kidogo tuzungumze. Foleni yenu naijua. Haitaisha leo hata mkiikimbilia, kwa hiyo dakika chache za kumsikiliza aliyekula chumvi nyingi haziwezi kuiharibu. Nimeuguza wagonjwa wa akili tangu enzi ambazo unga, yaani heroini, ulikuwa habari ya mabaharia na vijana wachache wa bandarini, nikaendelea mpaka nikaona madirisha ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga, yakifunguliwa, na katika miaka yote hiyo lipo kosa moja ambalo nimeliona likizaliwa upya kwa kila kizazi cha watumishi. Hupewa fomu mpya na jina jipya. Sura yake ni ile ile.

Kosa lenyewe ni hili. Kijana anafika kliniki ya akili. Anasikia sauti, halali, anasema jirani amemtegea kitu ukutani. Daktari anamuuliza maswali mawili matatu, anagundua kwamba anatumia unga. "Huyu ni teja. Aache kwanza, akishaacha aje tumtibu akili." Kijana anaelekezwa kwenye huduma za uraibu. Huko nako wanamwona akijibizana na watu wasioonekana, wanatazamana. "Huyu amechanganyikiwa. Atulie kwanza, akishatulia aje tumwandikishe." Wote wamesema kwa upole, wote wameandika vizuri kwenye mafaili yao, na wote wamerudi nyumbani jioni wakiamini wametenda haki. Kijana naye amerudi kijiweni, ambako hakuna anayemwambia aache kwanza wala atulie kwanza.

Sisemi haya kwa hasira. Nimeyaona mara nyingi mno kuyakasirikia, na wengi waliokuwa wakiyafanya walikuwa watu wema, wengine wakitoa nauli mfukoni mwao ili mgonjwa afike huko anakotumwa. Kila mwaka huja wapya kutoka vyuoni, wana akili nyepesi na maneno mazuri kuhusu ushirikiano, na kabla mvua za vuli hazijakatika nao wanasema "aanzie kule kwanza." Ndivyo binadamu alivyo, mzigo ukimwelemea hutafuta bega la jirani. Lakini mzigo huu una macho, na una mama yake. Ndiyo maana nataka niwaeleze yanayofuata baada ya mgonjwa kutoka mlangoni kwenu, kwa kuwa ninyi hamyaoni.

Tulifikaje hapa? Hospitali za akili ni za zamani, na zilijengwa kwa nia ya kumtenga mgonjwa na watu kuliko kumrudisha kwa watu. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927. Heroini ilikuja baadaye, miaka ya 1980, ikipitia bandari na viwanja vya ndege vya pwani yetu, na kwa muda mrefu aliyeitumia alihesabiwa kuwa mtu wa polisi. Kilichomfungulia mlango wa hospitali ni virusi vya UKIMWI. Vijana walipoanza kujidunga na kuchangia bomba moja la sindano, maambukizi yalipanda kwa kasi ambayo hakuna aliyeweza kuifumbia macho. Ndipo fedha zikapatikana, na kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye mifuko ya VVU, ukiwemo ule wa Marekani. Wodi za akili zikabaki na kile kifuko chao cha zamani, chepesi kama kawaida.

Kila mfuko una mwenyewe, na kila mwenyewe anataka ripoti yake. Ripoti mbili zikazaa mafaili mawili, mafaili mawili yakazaa kadi mbili, siku mbili za kliniki, mafunzo mawili na semina mbili, kila moja na wakufunzi wake na chai yake. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kumgawa mgonjwa. Aligawanyika taratibu kwa kufuata safu za ripoti, na sisi tuliokuwa kazini tukazoea.

Walioanzisha huduma yenyewe hawakutaka iwe hivyo. Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwezi Februari 2011, ikiwa huduma ya kwanza ya serikali ya aina hiyo kwenye bara hili kusini mwa Sahara, kazi iliwekwa mikononi mwa idara ya magonjwa ya akili. Kenya ilianzia Mathari mwishoni mwa mwaka 2014. Zanzibar iliiweka Kidongo Chekundu, hospitali yake ya akili, mwaka 2015. Waliona mbali. Walijua atakayefuata methadoni asubuhi ndiye atakayehitaji daktari wa akili mchana. Kwa hiyo mahali pengi hakuna hata safari ya daladala kati ya huduma hizi mbili. Ni kuvuka ukumbi tu, tena wenye kivuli, na bado faili haliuvuki.

Hata vitabu vyenu havikumgawa mgonjwa. Fungueni ule uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la 10, ambao namba zake mmeziandika miaka mingi. Maradhi ya pombe, bangi, heroini na dawa nyingine yana herufi F, kuanzia 10 hadi 19. Ukifunua ukurasa unaofuata, F20 ni skizofrenia. Ni sura moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010, ule ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na madaktari bingwa, umeweka sonona, kuchanganyikiwa, kifafa, pombe na dawa za kulevya ndani ya jalada moja, mkononi mwa mhudumu mmoja.

Na haya si mambo ya wagonjwa wachache wa ajabu. Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 20,000, matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Katika watu waliowahi kupata uraibu wa dawa za kulevya, ukiacha pombe, asilimia 53 walikuwa wamewahi kuugua akili pia. Zaidi ya nusu! Anayekaa dirishani kugawa methadoni akidhani wagonjwa wa akili ni wa jengo la pili anajidanganya, kwa sababu wamepanga foleni mbele yake.

Familia hupenda kuuliza kilianza kipi. Ni swali la haki, na jibu lake hutofautiana. Yupo aliyeanza kuugua akili, akakuta kete moja ya unga inazinyamazisha zile sauti kwa saa chache, akanasa. Yupo aliyeanza na bangi au gongo akiwa mzima kabisa, na akili ikamtoka polepole. Na yupo ambaye vyote viwili vilichipuka kwenye shina moja: kupigwa na kuharibiwa utotoni, kifo cha mzazi, ukoo wenye maradhi hayo, au njaa ya muda mrefu. Ulizeni ili muijue historia. Msilifanye swali hilo kisingizio cha kumchelewesha, kwa sababu yote yako ndani ya mtu mmoja, na yanaumana humo kila siku.

Sasa nije kwenye matokeo.

La kwanza ni la mama mmoja niliyemkuta amekaa benchi la nje, hospitali sitaitaja. Mwanawe alikuwa kwenye methadoni, dozi imetulia, ameanza hata kufungua genge la matunda asubuhi. Kisha ukamjia ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Akawa halali, anagawa mali, anataka kununua daladala bila senti mfukoni. Mama akampeleka kliniki ya akili, naye daktari, kwa haki kabisa, akamwandikia kabamazepini. Ni dawa nzuri kwa maradhi hayo, ni rahisi, na ipo karibu kila mahali. Isipokuwa kabamazepini huliamrisha ini liichome methadoni upesi zaidi ya kawaida. Dozi iliyokuwa ikimtosha kutwa nzima ikawa inaisha kabla ya usiku.

Wiki ya pili kijana akaanza kutoka kamasi, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama, viungo vinamchoma. Arosto, mwili unadai dawa. Mama akadhani ni malaria. Kliniki ya akili wakadhani hamezi dawa, wakaongeza kabamazepini. Dirishani akaomba aongezewe methadoni, wakadhani anawadanganya ili alewe. Kila mmoja aliwaza lile alilofundishwa kuliwaza. Mama yule alipofungua pindo la kanga yake kutafuta nauli, nikaziona kadi mbili zimekunjwa pamoja, moja ya kijani na moja nyeupe, zimelegea kwa jasho. Wiki zote zile, mahali pekee ambapo matibabu ya kijana yule yalikuwa yamekutana ni kwenye pindo la kanga la mama asiyeweza kuusoma mwandiko wa daktari.

Mfamasia ndiye aliyezisoma zote mbili. Alipiga simu fupi, upande huu na upande ule, kabamazepini ikabadilishwa taratibu kwa dawa nyingine isiyoligusa ini kwa namna hiyo, na methadoni ikaangaliwa upya, kwa sababu ukiiondoa kabamazepini bila kuwa na jicho kwenye methadoni, methadoni nayo hupanda mwilini na inaweza kumzuia mtu kupumua. Kijana alitulia. Lakini wakati huo alikuwa amesharudi kwenye kete, na genge la matunda lilikuwa limefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki; yale yaliyobaki mtungini ndiyo tuliyoyaokoa.

Jambo hilo haliko kwa kabamazepini peke yake. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za kifafa na za VVU pia. Kwa hiyo mezani ana nafasi yake mtu wa kifua kikuu na mtu wa VVU. Na kwa msomaji ambaye anameza mojawapo ya hizi: usiache dawa kwa kunisoma mimi. Chukua vidonge vyako vyote, vya kila kliniki, uvipeleke kwa mtu mmoja avione kwa pamoja.

La pili hutokea wodini. Kijana wa methadoni ameletwa usiku kwenye wodi ya akili, amefungwa kamba mikono, anatukana. Analazwa. Hakuna anayepiga simu dirishani. Siku ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Anatetemeka, anatapika, anadai "dawa yangu," na kwa kuwa amelazwa wodi ya akili, kila neno lake huandikwa kuwa dalili. Anaongezewa sindano ya kumtuliza. Upande wa dirishani wao wameandika kwamba ametoroka huduma. Zile siku alizokosa mwili wake umeanza kuisahau dozi. Ndiyo maana miongozo inataka aliyekosa siku kadhaa mfululizo apimwe upya kabla ya kurudishiwa kiwango chake. Akitoka wodini na kukimbilia kijiweni, akajidunga kiasi kile kile cha zamani, pumzi hukatika na sindano bado iko mkononi. Msibani watasema alirogwa, au aliuziwa sumu. Aliuawa na simu ambayo haikupigwa.

La tatu ni la mnywaji. Mzee wa gongo, wa miaka mingi, anavunjika mguu au anafiwa, anakosa kinywaji ghafla. Saa chache baadaye mikono inacheza. Siku ya pili au ya tatu anaona wadudu ukutani, anazungumza na marehemu, jasho linamtiririka, moyo unaenda mbio. Nyumbani wanasema ni jini. Anapoletwa, aliye zamu anaona wazimu na kumchoma haloperidoli peke yake, na mzee anaanguka degedege. Mwenye ujuzi wa pombe angejua kwamba huyu anahitaji diazepamu kwa kipimo na uangalizi, maji, na vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Mwenye ujuzi wa akili angejua namna ya kumkalisha chumba chenye mwanga bila kumfunga. Wote wawili walikuwa zamu usiku ule. Kila mmoja alikuwa kwenye jengo lake.

La nne linanigusa zaidi, kwa sababu ni la watu ninaowapenda. Nyumba za upataji nafuu, soba hausi, zimewainua vijana wengi. Zanzibar zilianza mwaka 2009, na nyingi zinaongozwa na watu ambao wenyewe waliwahi kulala majalalani, kwa hiyo wanajua mambo ambayo mimi na shahada zenu hatutayajua kamwe. Sheria yao ni moja na ni kali: hapa hakuna kitu kinachoingia kichwani. Kwa mlevi wa unga peke yake, sheria hiyo imeokoa roho. Lakini huja kijana mwenye skizofrenia, ana vidonge vyake mfukoni na sindano yake ya mwezi inamsubiri kliniki, na mlangoni anaambiwa avitupe, kwamba dawa ni dawa, amehamisha uraibu tu. Anavitupa kwa moyo mmoja, maana anataka kupona. Baada ya wiki kadhaa anakesha akizungumza na feni. Wenzake wanaogopa, anafukuzwa kwa kuvunja utulivu wa nyumba, na kwa mara nyingine ameshindwa mtihani ambao hakuna aliyemwambia ni mtihani gani.

Na la tano ni neno fupi tu: "bangi tu." Mtoto wa sekondari amechanganyikiwa, kipimo cha mkojo kimeonyesha bangi, daktari anafunga faili. Wiki ijayo atakuwa mzima, asivute tena. Wengi huwa wazima kweli. Lakini Denmark waliwafuatilia watu waliotibiwa kwa kuchanganyikiwa kulikoletwa na bangi, wakaandika mwaka 2005 kwamba karibu nusu yao baadaye walikutwa na skizofrenia au maradhi ya jamii yake. Mtoto huyo alipaswa kuondoka na tarehe ya kurudi, jina la mtu wa kumwona kuhusu bangi, na wazazi waliofundishwa dalili za kuziangalia. Aliondoka na karipio. Atarudi baada ya miaka, amefungwa kamba.

Mkiniuliza kwa nini mambo haya yanaendelea, nitawaambia hakuna mwovu hapa. Daktari wa akili anaogopa unga kwa sababu hakufundishwa vya kutosha kuuhusu, na mtu huficha hofu yake kwa kusema "hii si idara yangu." Mshauri wa uraibu anaogopa sauti za wasioonekana kwa sababu ile ile. Muuguzi amechoka, mshahara umeisha tarehe 10, na foleni haijafika katikati. Bingwa hapendi kumuuliza mwelimishaji rika ambaye jana alikuwa maskani, ingawa huyo ndiye anayejua kijana amelala wapi usiku wa jana na amechanganya nini na nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama ni kugumu kwa mtu aliyesomea miaka mingi kusimama wima.

Mgonjwa naye hasemi kweli yote. Kliniki ya akili anaficha kete, dirishani anaficha sauti, maana anajua kila mlango unafukuza nini. Msimwite mwongo. Tulimfundisha wenyewe. Na familia inaficha vyote viwili, kwa aibu ya mtaa na kwa hofu ya posa za dada zake. Mama atasema mtoto ana "mawazo," baba atasema ana "utundu," na jirani mwenye busara atanong'ona jina la mganga. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini anayeficha kwa aibu hafunguki kwa karipio. Hufunguka akiulizwa kwa sauti ile ile ambayo umemuulizia kama ana kikohozi.

Basi tufanyeje? Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu, na hapa mafiga ni matatu: anayetibu uraibu, anayetibu akili, na watu wa nyumbani kwa mgonjwa. Figa halibadiliki kuwa jingine, wala hakuna anayetaka mshauri nasaha awe daktari bingwa. Kinachotakiwa ni mafiga yasogezwe karibu na kuwekwa kimo kimoja, ili chungu kisiegemee upande mmoja na kumwagika. Majengo hayahitaji kuunganishwa. Bajeti zitaunganishwa na wakubwa, Mungu akipenda. Yaliyo mikononi mwenu leo ni madogo, na ndiyo yanayookoa.

Anzeni na maswali. Kila anayeingia kliniki ya akili aulizwe kuhusu pombe, bangi, mirungi, unga na vidonge vya mtaani, bila kukunja uso. Kila anayefika dirishani aulizwe kuhusu usingizi, sauti, hofu, na kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo la mwisho mnaliogopa mkidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Wazo huwa analo tayari, na unapomuuliza unampunguzia upweke. Na mkiona sonona kwa mnywaji, msikimbilie kusema "ni pombe, itaondoka yenyewe." Mara nyingi hupungua baada ya wiki chache bila kunywa, ni kweli, lakini aliyeanza kuhuzunika kabla ya chupa, au anayezungumzia kamba na sumu, hana wiki chache za kuwasubiri.

Kisha kadi iwe moja. Kama fomu za serikali haziruhusu, nunueni daftari la kawaida la shule, mgonjwa alibebe, na kila anayempa dawa aandike humo jina la dawa, kipimo na tarehe, kwa herufi zinazosomeka. Mwombeni ruhusa kwanza, mkimweleza nani atalisoma na kwa nini, maana siri ni yake. Nimeona wachache sana wakikataa wanapoelezwa vizuri. Wengi hushangaa kwamba hamkuwa mkizungumza siku zote, walidhani mnajuana.

Kisha kaeni pamoja, siku moja katika wiki, saa moja. Daktari, muuguzi, mfamasia, mshauri, afisa ustawi wa jamii, mwelimishaji rika, na mtu wa soba hausi ikiwa ipo karibu. Msisome takwimu kwenye kikao hicho. Leteni majina. Huyu hakuonekana tangu Jumatatu, nani atapita kwao? Huyu ameanza kuzungumza peke yake, nani atamwona leo? Huyu anataka kuingia soba hausi, nani atawaeleza kwamba sindano yake ya mwezi si ulevi, na kwamba akiikosa watarudishiwa mgonjwa? Kikao kisicho na majina ni kutwanga maji kwenye kinu. Na mwenye soba hausi asiitwe kuhutubiwa. Akae, anywe chai, aseme anachokiona usiku ambapo ninyi mko majumbani.

Msiwasahau shehe, mchungaji na mganga, maana mgonjwa alianzia huko na atarudi huko mtake msitake. Nimeona shehe akimsomea mgonjwa kisha akamwambia, "Na dawa yako usiiache." Maneno yale manne yalifanya kazi ambayo wodi nzima ilishindwa kuifanya. Lakini shehe hakuyasema kwa kuotea. Kuna muuguzi aliyetembea hadi barazani kwake baada ya swala ya alasiri, akamsalimia kwa adabu, akakaa, akamweleza.

Mkifanya haya, msitegemee miujiza kabla ya mwezi kuandama. Maradhi haya ni ya kwenda na kurudi. Kijana atatulia miezi sita, kisha siku moja atakuja amelewa, macho mekundu, anaona aibu kuwatazama. Mpokeeni. Muulizeni amekula nini. Mgonjwa wa sukari akila keki ya harusi hamumfukuzi kliniki, na huyu naye msimfukuze. Wengi niliowaona wakisimama walianguka mara nyingi kabla ya hapo, na kilichowasimamisha ni kukuta watu wale wale mahali pale pale, wanaojua majina yao na wanaojua pande zote mbili za ugonjwa wao.

Najua mtasahau mengi ya haya. Nami nimeshasamehe, kwa sababu nawajua na naijua kazi yenu. Basi mkisahau yote, hili moja mlishike: msimtume mgonjwa mahali, mtumeni kwa mtu. Usimwambie "nenda kitengo cha akili" wala "nenda kwenye methadoni." Mwambie, "Nenda kwa muuguzi fulani, yuko mlango wa tatu, nimeshampigia, anakusubiri." Jioni kabla hujavua koti, piga tena, uulize kama alifika. Kama hakufika, mtafuteni.